Sauti za redio baada ya Amelia Earhart kupotea: mwamba wa Nikumaroro, bahari ya Howland au Visiwa vya Marshall, ushike ipi?

Kabla hujachagua upande kwenye habari ya Amelia Earhart kuna swali moja inabidi ulijibu kwanza, zile sauti zilizosikika redioni baada ya asubuhi ya tarehe 2 Julai 1937 zilikua zake au zilikua za watu wengine? Watu wengi wanarukia mifupa, Wajapani, picha, alafu redio wanaigusa mwishoni kidogo tu, na ndo maana wanabishana miaka na miaka bila kusogea. Hapa nimezipanga dhana tatu kubwa kwa kuanzia redioni, na zote nimezipitisha kwenye vipimo vilevile, ili wewe uliekwama katikati uone mwenyewe uzito uko wapi.

Kwa ambae hajui mwanzo. Earhart alikua rubani Mmarekani wa miaka 39, anazunguka dunia na nevigeta wake Fred Noonan kwenye Lockheed Electra ya injini mbili. Afrika walikua wameshaikata, kutoka Saint-Louis na Dakar hadi Gao, Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, El Fasher, Khartoum, Massawa na Assab, kisha Karachi na kuendelea mashariki. Tarehe 2 Julai saa 4 asubuhi wakaruka kutoka Lae, New Guinea, kwenda Howland, kisiwa katikati ya Pasifiki ambacho urefu wake haufiki hata kilomita tatu, safari ya zaidi ya kilomita 4,100 juu ya maji matupu. Meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, Itasca, ilikua inawasubiri hapo. Saa 1:42 asubuhi kwa saa za meli (bado ilikua tarehe 2, maana walishavuka mstari wa tarehe) Earhart akasema wanaamini wamefika juu ya meli ila hawaioni, mafuta yanaisha, wako futi 1,000. Saa 2:43 akasema wako kwenye mstari wa 157 337, yani mstari wa uelekeo kwa nyuzi za dira, kaskazini magharibi hadi kusini mashariki, na atarudia ujumbe kwenye masafa ya kilohezi 6210. Itasca haikusikia tena kitu cha uhakika kutoka kwake.

Alafu jioni ikafika na watu wakaanza kusikia vitu, tena sehemu mbalimbali za dunia.

Vipimo vyangu

Cha kwanza, dhana inaelezaje hizo sauti zilizosikika. Cha pili, mtambo wenyewe unaruhusu au hauruhusu. Cha tatu, uelekeo, maana kuna vituo vilipima mawimbi yanatokea upande gani. Cha nne, nini kimekutwa kwenye eneo husika. Na cha tano, dhana inakudai uamini nini ambacho ni kigumu kuamini, kwa sababu zote tatu zina kitu cha hivyo, asikudanganye mtu.

Kipimo cha mtambo nikiseme vizuri mapema kwa sababu ndo kinachokata mzizi. Redio ya Electra ilikua na nguvu ya kama wati 50, ikirusha kwenye masafa matatu, kilohezi 3105 usiku, 6210 mchana, na 500 ambayo haikua na maana tena kwao kwa sababu ule waya mrefu wa antena wa kuburuza nyuma ya ndege waliuacha Marekani kabla ya kuvuka Atlantiki. Umeme ulitoka kwenye betri, na betri zilichajiwa na jenereta iliyokua kwenye injini ya kulia. Kampuni ya Lockheed iliwaambia watafutaji wakati uleule kwamba ndege ikiwa inaelea majini redio haiwezi kurusha. Betri peke yake bila injini inabeba muda mfupi tu.

Sasa angalia hiyo inakupeleka wapi. Kama hata ujumbe mmoja tu ni wa kweli, basi ndege ilikua nchi kavu au juu ya mwamba. Na kama jumbe zilikua zinaendelea usiku kwa usiku, basi injini ya kulia ilikua bado inawaka, yani ilitua salama au karibu na salama. Ila kama ndege ilizama, basi jumbe zote, bila kubaki hata moja, ni uongo au kosa. Katikati hapo hakuna pa kusimama, ile habari ya kusema labda walielea siku mbili wakiita, mtambo unaikataa.

Dhana ya kwanza: walitua kwenye mwamba wa Nikumaroro

Nikumaroro wakati ule kiliitwa Gardner, leo kiko nchini Kiribati, kama kilomita 650 kusini mashariki ya Howland, na ule mstari wa 157 337 ukiufuata kuelekea kusini unapita karibu nacho. Hakikua na watu mwaka 1937. Wanaoipigania sana dhana hii ni shirika la TIGHAR la Marekani lililoanzishwa 1985, na wao ndo waliokusanya ripoti zote za sauti za baada ya kupotea, wakapata 120, wakazichambua na kusema 57 zinaaminika.

Kwenye sauti, hapa ndo penye nyama nyingi kuliko kwingine kote. Mimi inayonishika zaidi ni ya Nauru. Kituo cha redio cha Nauru kilikua kimeshamsikia Earhart akiwa angani usiku ule wa safari, kwa hiyo sauti walikua wanaijua. Baadae, saa nyingi baada ya Itasca kumpoteza, wakaripoti kusikia mtu akiongea kwenye 6210, maneno hayashikiki, kama mtu anaepiga kelele kwenye maikrofoni, ila sauti inafanana na ile iliyotoka kwenye ndege usiku uliopita, tofauti ni kwamba safari hii hakuna mngurumo wa ndege nyuma yake. Soma hiyo tena taratibu. Huyo hakua mtu wa nyumbani anaetafuta kutajwa gazetini, alikua kazini, na alichokiandika ni kitu kidogo sana ambacho mzushi hawezi hata kukifikiria, kwamba mngurumo wa injini haupo tena.

Kisha kuna ile ya Wailupe, Hawaii, tarehe 5 Julai. Watu wa redio wa jeshi la majini walisikia Morse, yani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu, iliyopigwa vibaya, vipande vipande, ikitaja 281, kaskazini, Howland, KHAQQ ambayo ndo ilikua alama ya wito ya ndege yake, na kwamba hawatakaa muda mrefu juu ya maji. Earhart na Noonan wote Morse yao ilikua dhaifu, kwa hiyo upigaji mbovu haushangazi. Itasca ikakimbilia maili 281 kaskazini ya Howland, haikukuta kitu. Wanaoamini Nikumaroro wanasema ujumbe ulisomwa vibaya, wanaonyesha kwamba kisiwa kiko nyuzi 4 na dakika 40 kusini ya Ikweta, ambayo ukiibadilisha inakua maili 280 za baharini. Mimi naona hesabu inavutia, lakini neno lililosikika ni kaskazini na lazima ulipindue ili likae sawa, kwa hiyo ipe uzito wa kiasi.

Na kuna watu wa majumbani. Kijana wa miaka 16 huko Rock Springs, Wyoming, aliripoti tarehe 4 Julai kwamba amemsikia akisema wako juu ya mwamba, kusini ya Ikweta. Binti wa miaka 15 huko St. Petersburg, Florida, alikua anazungusha redio ya nyumbani akamsikia mwanamke anajitaja kuwa Amelia Earhart, akachukua daftari akawa anaandika kila anachokishika, maji yanapanda, mwanaume alienae anahangaika, na kuna kitu kilirudiwa rudiwa ambacho yeye alikisikia kama New York City. Pale Nikumaroro, kwenye ukingo wa mwamba, kulikua na meli ya mizigo ya Uingereza iliyokwama tangu 1929, jina lake Norwich City, na wanaoamini Nikumaroro wanasema huenda hilo ndo jina alilolisikia. Baba wa yule binti alienda kuripoti kwa walinzi wa pwani na hakuna aliefuatilia, na hii kwa kweli inaniuma, kwa sababu hata kama ilikua si kweli ilikua inahitaji mtu wa kukaa nae nusu saa na kuandika kila kitu palepale.

Utauliza wati 50 zinafikaje Florida. Jibu lao ni kwamba mtambo ukirusha kwenye 3105 unavujisha pia kidogo kwenye mara mbili, mara tatu, mara nne ya hapo na kuendelea, na hayo masafa ya juu ndo yanayoruka mbali. Kama umewahi kusikiliza idhaa za nje kwenye masafa mafupi unajua tabia yake, stesheni ya mbali inaingia safi kama iko mtaa wa pili, dakika chache inazama, na jirani yako hajaipata kabisa. Kwa hiyo inawezekana, ila nguvu inayovuja ni ndogo mno na wapinzani wana haki ya kusema bahati ya namna hiyo kutokea mara kadhaa ni ya kutilia shaka.

Mtambo unairuhusu dhana hii, tena vizuri. Ndege ikiwa juu ya mwamba bapa, maji yakipwa unaweza kuwasha injini, maji yakijaa panga zinagusa maji na huwezi. TIGHAR walirudisha nyuma hesabu za maji kupwa na kujaa za siku zile na wanasema zile jumbe wanazoziamini zinakaa kwenye saa ambazo maji yalikua chini ya kutosha. Watu wa pwani wataielewa hii haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Tahadhari yangu ni moja, wao ndo waliochagua ipi inaaminika na wao ndo waliopiga hesabu ya maji, ingekua vizuri zaidi kama kazi hizo mbili zingefanywa na watu tofauti.

Uelekeo nao uko upande wao. Vituo vya shirika la ndege la Pan American vilivyokua Mokapu kwenye Oahu, Midway na Wake vilipima mawimbi, na baadhi ya vipimo vikikatana vinaangukia maeneo ya visiwa vya Phoenix, ambako Nikumaroro iko. Ila mawimbi yalikua dhaifu na wapimaji wenyewe baadhi ya vipimo walivitilia shaka.

Kilichokutwa ndo pa kuchanganya. Tarehe 9 Julai ndege za manowari Colorado zilipita juu ya Gardner, luteni John Lambrecht akaripoti dalili za watu kuwepo karibuni, wakazunguka, hakutokea mtu wa kupunga mkono, wakaondoka. Hawakuiona ndege yoyote kwenye mwamba. Mwaka 1940 afisa wa Uingereza Gerald Gallagher akakuta mifupa kisiwani, mabaki ya kiatu cha mwanamke na kisanduku cha sekstanti, ile zana ya nevigeta ya kupimia jua na nyota. Mifupa ikapelekwa Fiji, daktari akasema ni ya mwanaume, baadae ikapotea. Mwaka 2018 mtaalamu wa mifupa Richard Jantz akavirudia vile vipimo vilivyoandikwa na kusema vinamfanana Earhart kuliko asilimia 99 ya watu aliowalinganisha nao. Ila kumbuka Norwich City iliua watu 11, kwa hiyo mifupa pale inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Na mwaka 2019 Robert Ballard, yuleyule alieipata Titanic, alipekua bahari kuzunguka kisiwa, ndege hakuiona.

Inachokudai uamini: kwamba ndege nzima ilikaa juu ya mwamba siku kadhaa, ikasombwa kabla ya tarehe 9, na misafara yote iliyoenda tangu 1989 haijapata kipande hata kimoja ambacho kila mtu anakikubali.

Dhana ya pili: waliishiwa mafuta wakazama karibu na Howland

Hii ndo waliyoishikilia wengi rasmi, na mtafiti Elgen Long aliifanyia kazi miaka mingi. Nguvu yake iko kwenye jumbe za kabla ya kupotea, ambazo hakuna anaezibishia. Asubuhi ile sauti yake ilifika Itasca kwa nguvu ya juu kabisa, nguvu 5, mpaka watu wa redio wakatoka nje kumtafuta kwa macho. Yani alikua karibu sana. Yeye mwenyewe alisema mafuta yanaisha. Howland kwenye ramani za wakati ule kilikua kimewekwa pembeni ya mahali pake halisi kwa maili kadhaa, na ule mtambo wa kupima uelekeo uliowekwa kisiwani betri zake zilikua zimeisha kwa kutumika usiku kucha. Mambo madogo madogo yakajumlika.

Kwa sauti za baadae wanasema ni mchanganyiko, wazushi wapo, na hilo ni kweli kabisa, kupotea kwake kulikua habari kubwa kuliko zote na watu wa redio za nyumbani walikua wengi. Wapo pia waliosikia Itasca yenyewe ikimwita kwenye 3105 wakadhani ni yeye. Radio KGMB ya Honolulu ilitangaza ikimwomba ajibu kwa kupiga mistari ya mlio, na baada ya hapo vituo vikasikia milio, sasa ni nani aliyejibu, yeye au mtu aliesikia tangazo lilelile akaamua kucheza? Kwa hiyo maelezo wanayo. Tatizo ni lile nililolisema juu, lazima yafunike kila ripoti bila kubakiza. Nauru, Wailupe na wapimaji wa Pan American walikua watu wa kazi, na kuwaweka wote kwenye kapu moja na wazushi kunahitaji sababu kwa kila mmoja.

Mtambo hauna ugomvi, ndege iliyozama haitumi kitu. Uelekeo wa Phoenix inabidi uuite kosa la vipimo dhaifu. Kilichokutwa ni sifuri, na sio kwa kutokutafuta, kampuni ya Nauticos walipiga sona, yani kupima kwa mawimbi ya sauti, chini ya bahari 2002, 2006 na 2017, na mwaka 2024 kampuni ya Deep Sea Vision walitoa picha ya sona iliyofanana na ndege, dunia nzima ikashtuka, mwishoni mwa mwaka uleule ikaonekana ni mwamba. Bahari pale ina kina cha zaidi ya mita 5,000, kwa hiyo kutokuona sio ushahidi wa kutokuwepo.

Inachokudai uamini: kwamba kila mmoja aliesikia alikosea au alidanganya.

Dhana ya tatu: Visiwa vya Marshall na Wajapani

Hapa nitakua mfupi kwa sababu kwenye redio haina mengi. Dhana inasema walitua Mili, Visiwa vya Marshall vilivyokua chini ya Japani, wakachukuliwa, wakaishia kisiwa cha Saipan, nacho kilikua chini ya Japani. Nguvu yake ni ushuhuda wa wenyeji, wa Marshall na wa Saipan, uliokusanywa kuanzia miaka ya 1960, na tusiudharau kwa sababu ni wa mdomo, wazee wanajua walichokiona. Marshall yenyewe mwaka 1987 ilitoa stempu za posta zenye habari hiyo.

Sauti za redio inaweza kuzikubali, mwamba wa Mili ni mwamba kama mwingine na mtambo ungefanya kazi. Ila uelekeo wa Pan American unaelekea Phoenix, upande tofauti kabisa. Na mafuta ndo yanayoiumiza, kutoka Howland hadi Mili ni zaidi ya kilomita 1,200 kurudi kaskazini magharibi, kwa mtu aliesema saa moja kabla ya ujumbe wake wa mwisho kwamba mafuta yanaisha. Ile picha ya gati la Jaluit iliyotangazwa kwa kishindo 2017 kwamba ni wao wawili, mwanablogu Mjapani aliikuta kwenye kitabu cha safari kilichochapishwa 1935, miaka miwili kabla hawajapotea. Picha kufa hakuuwi ushuhuda wa wazee, lakini dhana inabaki bila karatasi wala chuma.

Inachokudai uamini: kwamba mafuta yalikua mengi kuliko alivyosema, na Japani ilifanikiwa kuficha kila karatasi hata baada ya kushindwa vita.

Sasa wewe uchukue ipi

Kama wewe ni mtu wa redio au umeme, unaeamini logi ya mtu aliekua kazini kuliko stori, Nikumaroro itakukalia vizuri zaidi, anza na Nauru na vipimo vya Pan American na uziache za majumbani mpaka mwisho.

Kama kanuni yako ni kwamba bila chuma cha ndege huamini kitu, baki Howland. Ni msimamo wa heshima, unategemea maneno ya Earhart mwenyewe, ila uwe tayari kueleza zile logi za watu wa kazi ukiulizwa, usizipite kimyakimya.

Kama unafanya kazi ya historia ya Pasifiki, au unataka kujua wenyeji wa visiwa vile walipitia nini chini ya tawala za nje, dhana ya Marshall ina thamani hata kama ndege haikufika kule, ila isome kama kumbukumbu za watu na sio kama jibu la redio.

Ukiwa unaandaa video au makala kwa watu wengine, naomba sana usiweke ripoti zote 120 kwenye sentensi moja. Sema nani alisikia, saa ngapi, masafa gani, na aliandika lini, papohapo au miaka mingi baadae. Daftari la binti wa Florida lina uzito wa aina moja, kumbukumbu ya mtu aliesimulia miaka 30 baadae ina uzito wa aina nyingine.

Na kama mwalimu unataka kuwapa wanafunzi zoezi, wape kipimo cha mtambo tu, betri, jenereta, injini ya kulia, maji kupwa na kujaa, waache wakate wenyewe ipi haiwezekani.

Ambae bado amekwama kabisa afanye hivi: chukua ripoti tatu tu, Nauru, Wailupe na vipimo vya Pan American, funga nyingine zote. Ukiona zote tatu unaweza kuzieleza bila Earhart na bila kujilazimisha, nenda Howland. Ukiona hata moja inakugomea, basi ndege ilikua mahali pakavu, na kazi iliyobaki ni kuchagua kisiwa.